Ripoti ya seva inafika lakini haisemi kitu: dalili, vyanzo na marekebisho

Ripoti ya kila siku ya seva ina kazi moja: kumwambia msimamizi kama asubuhi hii kuna mashine inayomhitaji, na ni ipi. Ukiisoma mpaka mwisho na bado hujui, ripoti hiyo ni mbovu hata kama kila mstari wake ni wa kweli.

Huku Kusini mwa Tanzania jambo hili ni zito. Msimamizi yuko Mtwara mjini, seva moja iko Newala, nyingine Nachingwea, nyingine Liwale. Kwenda kuigusa mojawapo ni safari, na masika yakichachamaa safari yenyewe haina uhakika. Ripoti nyingi zinasomewa kwenye simu, kwa bando, mtu akiwa njiani. Ndiyo maana naamini kwa dhati kwamba kufupisha ripoti ni sehemu ya kuulinda mfumo, sawa na kutunza nywila na chelezo (nakala za akiba).

Na kufupisha si kukata mistari tu. Muhtasari mzuri unalinganisha: leo kuna nini ambacho jana hakikuwepo, na jana kulikuwa na nini ambacho leo hakionekani. Matatizo mengi hapa chini yanatokana na ripoti isiyolinganisha. Mifano ni ya Linux, hasa Debian na Ubuntu, pamoja na Logwatch, programu inayofupisha logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva.

Dalili: ripoti ni ndefu, inafika kila siku, na hakuna anayeifungua

Anza na kiwango cha undani. Logwatch ina viwango vya Low, Med na High, ambavyo kwa namba ni 0, 5 na 10. Mtu huweka High siku anapotafuta tatizo. Tatizo linaisha, High inabaki. Mipangilio yako iweke kwenye /etc/logwatch/conf/logwatch.conf. Usihariri faili zilizo chini ya /usr/share/logwatch, maana programu ikisasishwa kazi yako inaweza kufutika. Rudisha Low, kisha jaribu hapohapo bila kusubiri kesho:

logwatch --detail Low --range yesterday --output stdout

Chanzo kikubwa zaidi ni kelele za kawaida. Seva yoyote yenye anwani ya wazi kwenye intaneti inabishiwa hodi na roboti usiku kucha, na logi inajaa mistari ya namna hii:

Failed password for invalid user admin from 203.0.113.44 port 51812 ssh2

Uangalie vizuri mstari huo. Kesho utarudi na anwani nyingine na poti nyingine, kwa hiyo programu inayotafuta mistari inayofanana herufi kwa herufi itauona kuwa mpya kila mara. Ziondoe namba kwanza, ndipo uhesabu:

journalctl -p info --since yesterday --until today -o cat | sed -E 's/[0-9]+/N/g' | sort | uniq -c | sort -rn

Maelfu ya mistari yanashuka sana. Wengi wakifika hapa wanachukua ile ya juu kumi, iliyojirudia zaidi, na kuiita muhtasari. Hapo sikubaliani nao kabisa. Mstari uliojirudia mara elfu nne mara nyingi ni kelele. Uliotokea mara moja ndio unaostahili kusomwa. Diski inayoanza kufa inaweza kuandika mstari mmoja tu saa za usiku, na mstari huo ukiwa chini ya orodha hutauona.

Kwa hiyo tunza faili ya mistari unayoijua, ile uliyokwisha kuichunguza na kuona haina madhara, halafu kila asubuhi uonyeshwe ile ambayo haimo. Faili zote mbili ziwe zimepangwa kwa sort, bila ile safu ya hesabu:

comm -13 inayojulikana.txt leo.txt

Mstari mpya ukitokea, usome, uelewe, ndipo uuongeze kwa mkono wako. Usiiachie skripti iuongeze yenyewe. Skripti ikijiongezea, hitilafu itaonekana siku moja na kesho yake itahesabiwa kuwa jambo la kawaida. Logcheck imejengwa juu ya wazo hilohilo, na mistari ya kupuuzwa inakaa kwenye /etc/logcheck/ignore.d.server; ukipenda kutumia kilichokwisha kutengenezwa, anzia hapo.

Majaribio ya kuingia yaliyoshindwa yapewe mstari mmoja wenye idadi. Cha kupandishwa juu ni neno Accepted (mtu amefanikiwa kuingia) kutoka anwani usiyoijua. Elfu sita zilizoshindwa hazifikii uzito wa moja iliyofanikiwa.

Dalili: kila asubuhi kuna onyo, na kila asubuhi ni lilelile

Ubuntu yenye vifurushi vya snap itakuonyesha diski nyingi za /dev/loop zikiwa zimejaa 100%. Hizo ni za kusomwa tu, haziandikwi, na zimejaa tangu zilipotengenezwa. Ziondoe:

df -h -x squashfs -x tmpfs -x devtmpfs

Kumbukumbu ya RAM nayo inatisha watu bure. Linux hutumia RAM iliyolala kuhifadhi faili zilizosomwa karibuni, kwa hiyo safu ya free inaweza kuwa karibu na sifuri kwenye mashine yenye afya njema. Soma safu ya available.

Kuhusu diski, achana na asilimia. Asilimia 90 kwenye diski ya GB 40 ina maana zimebaki GB 4. Asilimia 90 kwenye diski ya TB 4 ina maana zimebaki GB 400. Andika kilichobaki na mwendo wake: "imebaki GB 6, kwa mwendo wa wiki hii itajaa baada ya siku 9 hivi." Msimamizi akisoma sentensi hiyo anajua kama ni kazi ya leo au ya Ijumaa.

Dalili: ripoti inasema sawa, watumiaji wanapiga simu kwamba si sawa

Hii ndiyo dalili inayonikera kuliko zote, kwa sababu mtu ameiamini ripoti kwa nia njema. Tazama mstari huu wa skripti ya chelezo, ambao umenakiliwa kila mahali:

mysqldump ghala | gzip > /chelezo/ghala.sql.gz

Siku nywila ya hifadhidata ikibadilishwa, mysqldump inashindwa na haitoi kitu. Lakini gzip inapokea hicho kitu kitupu, inakibana, na kumaliza kazi yake bila malalamiko. Skripti inaangalia matokeo ya amri ya mwisho, inapata sifuri, yaani mafanikio, na ripoti inaandika "Chelezo: imefanikiwa". Ukienda kuangalia kwa ls -l unakuta faili lipo, lina jina sahihi na tarehe ya leo, na ukubwa wake ni baiti 20. Hizo baiti 20 ni kichwa na mkia wa gzip tu. Katikati hamna kitu. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miezi.

Marekebisho ni mawili na yote yanahitajika. Juu ya skripti ya bash weka set -o pipefail, ili kushindwa kwa amri yoyote kwenye mnyororo kuhesabike. Kisha muhtasari usiandike "imefanikiwa", uandike ukubwa, na ukubwa wa jana pembeni: "Chelezo ya ghala MB 412, jana MB 409." Jicho la binadamu litashtuka lenyewe namba ikianguka. Na mara kwa mara chukua chelezo moja, irudishe kwenye mashine ya pembeni, uhakikishe inafunguka.

Vitu vingine vinavyojificha nyuma ya neno "sawa": programu kukataa kuandika kwa madai kwamba nafasi imekwisha wakati df inaonyesha ipo, ambapo mara nyingi ni inodi (nafasi za kuorodhesha faili) ndizo zimekwisha, na df -i itakuonyesha. RAID ya diski mbili (zinazobeba nakala ileile) ambayo moja imekufa, huku mashine ikiendelea kuhudumu kana kwamba hakuna msiba. Fungua /proc/mdstat, [UU] ni nzima, [U_] imebaki moja. Diski zenyewe zifuatilie kwa smartd, programu inayosoma afya ya diski, na kwenye muhtasari tosheka na sifa za namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sehemu za diski zilizoharibika, kwa sababu hizo zikitoka kwenye sifuri na kuanza kupanda, diski mpya inatakiwa iwe imeshaagizwa, na kuifikisha Liwale si jambo la kesho.

Vyeti vya usalama wa tovuti viwe na mstari wao pia. Vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo bure, vilivyo vya kawaida hudumu siku 90, na tangu Juni 2025 hawatumi tena baruapepe za kukumbusha kwamba cheti kinaisha. Aliyekuwa akitegemea barua hizo, sasa ategemee ripoti yake mwenyewe.

Dalili: leo ripoti haikuja

Hatari yake ni kwamba ukimya unafanana na amani. Mtu anayepokea ripoti tisa kila siku hatambui zikiwa saba.

Kwenye seva yenyewe anza na mailq, amri inayoonyesha foleni ya barua. Mtandao ukikatika, Postfix (programu ya kutuma barua) huiweka barua kwenye foleni na kuendelea kujaribu, kwa kawaida hadi siku 5. Muda huo ukipita barua inarudishwa kwa aliyeituma, ambaye ni root wa mashine ileile, kwenye kisanduku ambacho hakuna anayekifungua. Foleni ikiwa tupu, angalia upande wa mpokeaji: tangu Februari 2024 Google inataka barua ziwe na uthibitisho wa mtumaji, yaani SPF au DKIM, na seva nyingi ndogo za maofisini hazina hata kimoja, hivyo ripoti zinaishia kwenye taka au zinakataliwa mlangoni.

Mei 2024 ilitupa somo kubwa huku. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua zake zikaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ikayumba nchi nzima. Mfumo wa uangalizi ulio ng'ambo katika hali hiyo hauwezi kukwambia kama seva ya Kilwa imezimika au ni njia tu ya kuifikia iliyofungwa. Ushauri wangu ni kuwa na mashine moja ya kukusanya ripoti hukuhuku, Mtwara au Lindi, na muhtasari uanze kwa hesabu ya waliohudhuria: zimeripoti 7 kati ya 9, na hizo mbili zitajwe kwa majina. Mstari huo uandikwe na mashine inayokusanya, si zinazoripoti, kwa kuwa seva iliyozimika haiwezi kujitangaza.

Njia ya akiba iwe SMS, kwa modemu ya laini ya simu na programu kama Gammu. SMS moja inabeba herufi 160 endapo herufi zote ni za alama za kawaida, na Kiswahili kinatosha humo chote. Ila jihadhari na alama ya ng': ikiwa programu yako inaigeuza kuwa ile alama iliyopinda ya kwenye vitabu, ujumbe mzima unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Tumia alama iliyonyooka.

Dalili: saa hazikubaliani

Seva nyingi huwekwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa mashine hiyo, "jana" huanza saa 9 usiku na kuishia saa 9 usiku. Tukio la saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano linaandikwa Jumanne 22:00, na msomaji akiona 22:00 anafikiria saa 4 usiku. Hapo watu wawili wanaweza kubishana kwenye simu kuhusu tukio moja wakidhani ni mawili. Weka timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha uiwashe upya huduma ya cron (inayoendesha kazi kwa ratiba), vinginevyo itaendelea na saa za zamani. Kwenye Debian na Ubuntu kazi za kila siku kwa kawaida huanza 6:25, yaani saa 12:25 asubuhi kwetu. Zikianza saa 3:25 asubuhi, jua bado uko kwenye UTC.

Ndani ya ripoti andika saa kwa mtindo wa 00:00 hadi 23:59 tu. "Saa 2" inaweza kuwa asubuhi au usiku, na mwingine ataisoma kwa hesabu ya Kizungu. Kwa mdomo tuseme tunavyosema siku zote.

Kama tarehe imerudi nyuma miaka, betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi imekufa. Umeme ukikatika saa inapotea, na mtandao ukichelewa kurudi, logi za mwanzo zinaandikwa kwa tarehe ya ajabu na ripoti ya "jana" inaziruka zote. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Ibadilishe kwenye safari yoyote inayokupeleka huko.

Mambo hayo yakishakaa sawa, ripoti nzima ya asubuhi inaweza kuonekana hivi kwenye simu, kwa mfano:

Taarifa za Jumanne 00:00 hadi 23:59, saa za Afrika Mashariki
Zimeripoti 7 kati ya 9. Kimya: Liwale (tangu 18:40), Kilwa (tangu 23:05)
LEO: Nachingwea, chelezo ni baiti 20 (jana MB 412)
LEO: Newala, diski sdb, sifa ya 197 ni 8 (jana 0)
WIKI HII: Masasi, /var imebaki GB 6, siku 9 hivi
Umeme: Lindi ulikatika mara 2, seva ilizimika ghafla mara 1
Mistari mipya mingine: hakuna
Ripoti kamili: /var/ripoti/jumanne

Mstari wa mwisho usiuache. Anayesoma muhtasari lazima aweze kufika kwenye chanzo chake bila kumuuliza mtu.

Dalili: baada ya umeme kukatika, ripoti ni ndefu mno au ni tupu

Ndefu, kwa sababu mashine inapowaka kernel (kiini cha mfumo) inaandika mamia ya mistari, na wewe unataka mmoja tu: imewaka saa ngapi, na ilikuwa imezimwa kwa utaratibu au ghafla. Amri ya last -x reboot shutdown inatosha. Reboot isiyotanguliwa na shutdown ni kuzimika ghafla. Zihesabu. Zikiongezeka mahali pamoja, betri za UPS zimechoka, na joto la pwani huzichosha mapema.

Tupu, kwa sababu kwa mipangilio ya kawaida ya matoleo mengi journald (huduma inayotunza logi) huhifadhi logi kwenye diski ikiwa tu saraka ya /var/log/journal ipo. Isipokuwepo, logi zinakaa kwenye RAM na umeme ukienda nazo zinakwenda, pamoja na dakika za mwisho ulizokuwa unazihitaji. Itengeneze saraka hiyo, uiwashe upya systemd-journald, na uhakikishe kwa journalctl --list-boots kwamba unaonekana zaidi ya mwasho mmoja.

Dalili: msimu wa korosho ukianza, kila seva inatoa onyo

Minada ikianza Oktoba, AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) zinaingiza mizigo, malipo yanapita, watu wanaingia kwenye mifumo alfajiri na usiku. Kulinganisha na wiki iliyopita hakusaidii katika wiki ya kwanza. Linganisha na msimu uliopita. Kwa hiyo hifadhi mihtasari ya mwaka mzima. Ni midogo, haili nafasi. Na usipandishe viwango vya onyo ili kunyamazisha kelele za msimu ukasahau kuvishusha Februari.

Dalili: muhtasari wa akili mnemba unasomeka vizuri, lakini umeacha jambo

Siku hizi wengi wanaipa modeli ya lugha logi nzima na kuiomba ifupishe. Inasaidia, nami naitumia, lakini kwa mipaka. Kuhesabu kufanywe na skripti, kwa sababu modeli inaweza kutoa namba isiyokuwepo kwenye logi na kuiandika kwa sentensi iliyonyooka. Ipe jedwali lililokwisha kuhesabiwa, na kazi yake iwe kuandika maelezo. Mistari ya LEO na hesabu ya mashine zilizoripoti viandikwe na skripti, viwekwe juu, na modeli isiruhusiwe kuvigusa.

Kumbuka pia kwamba sehemu ya logi imeandikwa na wavamizi. Jina la mtumiaji kwenye jaribio la kuingia ni maandishi aliyoyachagua mtu wa nje, na anaweza kuweka humo maneno ya kuiagiza modeli ipuuze mashine fulani. Majina hayo yaondolewe kabla. Ziondolewe vilevile namba za simu na majina ya wakulima au wateja kama logi zinatumwa kwenye huduma iliyo nje ya ofisi; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inatuhusu sisi tunaoshika seva.

Kabla ya kuuamini muhtasari wa aina hiyo, chukua logi za siku ambayo unajua fika kilichotokea, siku diski ilipoanza kufa au chelezo ilipotoka tupu, uipe modeli pamoja na maelekezo yaleyale ya kila siku. Kama jambo hilo halikutajwa, au limewekwa chini ya habari za majaribio ya kuingia, rekebisha maelekezo au kile unachoilisha, kisha rudia kwa siku hiyohiyo. Logi hizo zitunze kwenye saraka yake, na jaribio lirudiwe kila modeli inapobadilishwa toleo.